Mabegi ya safari ya baiskeli: tazama keria kwanza

Mwendapole (mleta uzi)

Habari za jioni wanajamvi.

Kila baada ya siku chache mtu ananiandikia pembeni: "Kaka, nataka kusafiri na baiskeli, ninunue begi gani?" Nimejibu mmoja mmoja kwa muda mrefu. Sasa naweka hapa hadharani wote wasome, na wenye ujuzi kunizidi waongeze au wanikosoe.

Naendesha baiskeli ya mtumba, fremu ya chuma, tairi inchi 26. Mwaka jana mwezi wa saba nilitoka Dar nikapitia Bagamoyo, Msata, Mkata, Segera, Korogwe na Mombo, nikapanda mpaka Lushoto. Siku sita, mwendo wa kupumua. Hiyo ilikuwa mara ya pili. Mara ya kwanza sikufika, na kilichonirudisha ndicho kinachonifanya niandike leo.

Mara ile ya kwanza fedha zangu karibu zote ziliishia kwenye mabegi. Mazuri kweli, mekundu, tone la maji haliingii. Keria sikuiwazia, niliiacha ileile ya alumini iliyokuja na baiskeli. Nimeshapita Msata, kwenye rasta za kuingilia kijiji kimoja, nikasikia mlio kama kijiti kinavunjika. Mguu wa kushoto wa keria ulikatika juu kidogo ya tundu la skrubu, begi likalalia gurudumu, na spoku mbili zikaenda nalo. Kijijini palikuwa na fundi wa kuchomelea, kijana hodari. Aliitazama akatikisa kichwa. Alumini mashine yake haiiwezi. Ingekuwa chuma angeimaliza kabla chai haijapoa. Nikarudi Dar kwa basi, baiskeli kwenye buti, mabegi nimeyapakata, mazima, hayana hata mkwaruzo.

Kwa hiyo ukiniuliza begi gani, nami nitakuuliza kwanza: keria yako ni ya nini, na imefungwa wapi?

Keria za kiwandani huandikwa uzito zinaoubeba. Nyingi za alumini ni kilo 25. Ya chuma kama Tubus Cargo ni kilo 40. Nikijua nitapita changarawe na matuta, mimi namba hiyo naipunguza kwa theluthi. Keria ninayotumia sasa nilichongesha kwa mafundi chuma wa Gerezani, Dar, kwa nondo laini ya milimita 10. Ina kilo mbili na robo, nzito kuliko ya dukani, lakini ikikatika popote kati ya Chalinze na Tunduma kuna mtu wa kuiunga. Mwambie fundi aweke miguu mitatu kila upande, mmoja ukiegemea nyuma, maana begi linapoyumba huvuta keria upande kwa upande, na miguu miwili iliyosimama wima haiwezi kulizuia. Chini kabisa aache chuma cha kulalia begi lisiingie kwenye spoku.

Skrubu za keria kwa kawaida ni za milimita 5, alenki namba 4. Weka nati ya kujikaza kwa ndani. Kila asubuhi kabla ya kupanda zipitishie mkono zote nne. Mimi hata kabla ya chai nafanya hivyo.

Sasa begi lenyewe. Wageni wengi wanaopita kwetu wakielekea Cape Town wamefunga mabegi ya Ortlieb, ya Ujerumani. Kampuni hiyo ilianza 1982, na begi la kwanza Hartmut Ortlieb alilishona kwa turubai la lori. Niliposoma habari hiyo nilikaa nikaifikiria sana, maana turubai la lori ni kitu tunachokiona kila siku. Linafunika mahindi ya Makambako na vitunguu vya Ruaha Mbuyuni. Mafundi wa kulishona wapo katika kila mji wenye maegesho ya malori. Nikaenda na kipande cha karatasi chenye vipimo, nikarudi na jozi ya mabegi.

Vipimo: urefu wa kwenda juu sentimita 40, upana chini 24, juu 32, unene 17. Hapo unapata karibu lita 19 kwa begi moja. Juu ya hizo 40 ongeza 25 za mdomo, kwa sababu begi halifungwi kwa zipu, linakunjwa mara tatu au nne kisha linabanwa na bakoli (kifungo cha kubana mkanda) pembeni. Zipu na vumbi la kwetu havielewani. Baada ya siku mbili za changarawe meno hayashikani tena. Pembe ya chini inayotazama mbele mwambie fundi aikate kwa mshazari. Nitaeleza sababu mtu akiuliza.

Mgongoni mwa begi, ndani, weka ubao wa plastiki uliokatwa kwenye dumu la lita 20. Bila huo begi linajikunja kama kiroba na linaingia kwenye gurudumu. Kulabu mbili za juu zipite ubao na turubai kwa skrubu na washa pana. Kisha, hili wengi wanalisahau, weka kulabu ya tatu chini, yenye mpira wa tyubu unaovuta begi kwenda chini. Kulabu za juu peke yake zinaruka. Tuta moja tu ukiwa mwendo wa kuteremka, begi liko barabarani na lori liko nyuma yako.

Naishia hapo kwanza. Karibuni.

Binti Usambara

Asante sana kaka Mwendapole, nimesoma mara mbili. Mimi ni mwenyeji wa Lushoto, nakaa Dar kikazi, na ndoto yangu ni kwenda nyumbani kwa baiskeli nimsalimie mama. Nina maswali mawili. Baiskeli yangu ni ya milimani, haina matundu ya keria hata moja. Na nina mguu mrefu, viatu namba 43. Nilijaribu begi la rafiki yangu, kila nikizungusha pedeli kisigino kinaligonga.

Mwendapole

Karibu dada. La kisigino ndiyo sababu ya ile pembe iliyokatwa. Baiskeli za milimani na za mbio ni fupi nyuma, gurudumu limesogea karibu na pedeli, kwa hiyo kisigino hakina nafasi. Sogeza kulabu kwenye begi ili begi zima lirudi nyuma kidogo, ila usizidishe. Uzito ukikaa nyuma sana ya ekseli, mbele panakuwa pepesi na usukani unacheza. Utakapoanza kupanda kutoka Mombo utaona gurudumu la mbele linataka kunyanyuka. Zile kilomita 33 zina kona nyingi za kupanda ukiwa umesimama kwenye pedeli.

Matundu: nenda duka la vifaa vya bomba ununue klipu za chuma zenye mpira ndani, za kushikia bomba ukutani. Chagua zinazolingana na unene wa fremu yako. Funga tyubu kwenye fremu kwanza, klipu juu yake, keria kwenye klipu. Fremu ikiwa ya chuma ni salama kwa mzigo wa kilo 12 hadi 15. Ikiwa ya kaboni, usijaribu.

Fundi Turubai

Wanangu, nimeshona maturubai miaka mingi, nikaletewa uzi huu na kijana wangu. Mwendapole umesema vizuri, lakini kuna mahali mtu ataharibikiwa.

Turubai si moja. Lile la bluu au la kijani, jepesi, linalopiga kelele ukilikunja, ni sandarusi iliyopakwa plastiki. Jua linalimaliza, linaanza kumwaga nyuzinyuzi, na gundi hailishiki. Usishonee begi hilo. La lori ni zito, lina kitambaa ndani na PVC (aina ya plastiki) pande zote mbili. Ukilishika ni kama ngozi. Mwombe fundi mabaki ya lori kubwa, kipande cha mita moja na nusu kwa mbili kinatosha jozi na viraka vinabaki.

Kila tundu la sindano ni mlango wa maji. Basi usiweke mshono chini ya begi. Kata kipande kimoja kirefu kishuke mgongoni, kipite chini, kikwee mbele, ndipo ushone mbavu. Uzi uwe wa nailoni, wa pamba unaoza. Ukishamaliza pitisha utepe wa turubai juu ya mshono kwa gundi ya PVC, siyo sulusheni ya kuzibia tyubu. Ile sulusheni ni ya mpira; kwenye PVC inashika leo, kesho inabanduka yenyewe. Hili nimewaona vijana wengi wakilikosea, wanalaumu turubai.

Na safarini beba shazia moja, uzi wa nailoni mita tano, na kipande cha turubai ukubwa wa kiganja. Fundi viatu yeyote atakushonea.

Mwendapole

Shikamoo mzee wangu. Mshono wa chini mimi ninao, na kweli nilipofika Korogwe mchele ulikuwa umelowa upande mmoja. Nilidhani ni mdomo sikuukunja vizuri. Nitarudi kwa fundi wiki hii.

Vumbi la Pangani

Mkuu, mimi nakubali la keria, lakini jibu langu ni kuiacha kabisa. Nimepita njia ya pwani, Bagamoyo, Makurunge, Saadani, Pangani. Mchanga. Kwenye mchanga unashuka unasukuma, na ukisukuma baiskeli yenye mabegi ya pembeni kila hatua begi linakupiga kwenye muundi. Saa tatu za hivyo utalia. Majani ya njiani nayo yanakwaruza na kuvuta.

Mimi natumia mifuko ya kufunga kwenye baiskeli yenyewe: mmoja mrefu chini ya siti, mmoja wa pembetatu ndani ya fremu, na mviringo mmoja kwenye usukani. Hakuna chuma cha kukatika. Baiskeli inabaki nyembamba, na upepo haukukamati. Jamani upepo msiuchukulie kirahisi. Mwezi wa sita mpaka wa nane kusi inamsukuma mgongoni anayetoka Dar kwenda Tanga. Ukigeuza kurudi Dar miezi hiyohiyo, mabegi mawili mapana ni kama umefungua milango ya gari.

Kitu kizito, vifaa, maji, pampu, weka ndani ya fremu, chini kabisa. Kwenye siti weka vitu laini tu, nguo na blanketi. Ukiweka kizito kule kinayumba kama mkia na kinakuchosha kiuno.

Binti Usambara

Vumbi, mfuko wa siti unabeba kiasi gani? Mimi nataka kumpelekea mama vitenge na sukari kilo tano.

Vumbi la Pangani

Dada, hapo umenishinda. Wa siti ni lita 8 mpaka 17 kutegemea ukubwa, na ule mkubwa unahitaji siti iliyoinuka sana ili usiguse tairi. Mifuko yote mitatu pamoja unaambulia lita 30 hivi. Kwa zawadi za mama, na barabara yako ya lami mpaka mlangoni, sikiliza ya Mwendapole.

Nyakato77

Salaam kutoka Mwanza. Naona mnatafuta turubai wakati mna madumu. Baba yangu alisomesha watoto kwa baiskeli na matenga mawili ya dagaa, kila alfajiri. Mpaka leo nikiona keria naona mgongo wake.

Mimi nimechukua madumu mawili ya mafuta ya kula, yale ya mraba ya lita 20, nikakata upande wa juu nikauacha kama mfuniko wenye bawaba ya mpira. Kulabu nilikunja kwa chuma bapa, nikazifunga kwa skrubu na washa, nyuma yake kipande cha tairi kuzuia dumu lisipasuke. Maji hayaingii ila juu, na juu nafunika kipande cha turubai. Ukisimama kupika, dumu ni kiti. Ukikosa maji, ni ndoo. Kasoro yake ni kelele, na kona zake ngumu zinaumiza ukianguka upande. Pia likiwa nusu tupu vitu vinagongana ndani, jaza nguo.

Kitu ambacho baba alinifundisha na sijakiona hapa: uzito wa kulia na kushoto upimwe. Yeye alipima matenga kwa mzani wa kuning'iniza, wa samaki, hakukisia. Tofauti ikizidi kilo moja alihamisha.

Mwendapole

Ndugu yangu Nyakato, Mungu amrehemu mzee kama ametangulia, na kama yupo mpe salamu zangu. Hilo la mzani ni kweli tupu.

Naongeza la mbele na nyuma. Ukifunga kila kitu nyuma, gurudumu la nyuma linabeba mwili wako na mzigo pia, na spoku zinaanza kukatika, hasa upande wa gia ambako zimevutwa zaidi. Baiskeli zile za kizamani za Kiingereza zilitengenezwa na spoku 40 nyuma na 32 mbele, maana walijua mzigo unakaa wapi. Baiskeli nyingi za mtumba zina 32 au 36 nyuma. Kwa hiyo mzigo ukizidi kilo 15, tafuta namna ya kupeleka theluthi yake mbele, chini, usawa wa ekseli, siyo juu ya usukani. Usukani unakuwa mzito kidogo asubuhi, mchana umeshauzoea.

Mzigo wangu wa Lushoto ulikuwa hivi. Kulia: hema na kamba, kilo 3 na nusu, na vyakula kilo 2. Kushoto: nguo, blanketi, sufuria, jiko dogo, kilo 5 na kidogo. Fremu: vifaa, tyubu mbili, pampu, kilo 2. Maji lita 4 kwenye madumu madogo, mawili mbele, ambazo ni kilo 4. Jumla haikufika kilo 18. Safari ile ya kwanza nilibeba 27, na vingi nilivirudisha bila kuvigusa.

Rusumo

Nami niongeze la mpakani. Wengi wana tabia ya kufungia nguo kwenye mifuko ya plastiki ndani ya begi. Rwanda ilipiga marufuku mifuko hiyo tangu 2008, Kenya Agosti 2017, na sisi Tanzania Juni 1, 2019. Nilipovuka Rusumo, mpaka wetu na Rwanda, na baiskeli niliambiwa nimwage kila kitu mezani, mvua inanyesha, nguo zangu zikalowa kabla sijaanza kupanda vilima vyao. Shona vifuko vya ndani kwa kitambaa cha mwavuli, vyepesi, rangi tofauti. Chekundu nguo, cha bluu dawa, hutafuti gizani.

La pili ni dogo lakini litakusaidia kila siku. Kwetu tunaendesha kushoto, ukisimama unaegesha kwenye ukingo wa kushoto. Vitu vya haraka, koti la mvua, viraka, ndizi, viweke begi la kushoto, uvitoe ukiwa nje ya barabara. Ukivuka kuingia Rwanda au Burundi wanaendesha kulia, basi hamisha mabegi, la kushoto liende kulia. Usisimame upande wa malori ukipekua begi. Mwenzangu mmoja alifanya hivyo, kioo cha lori kilipita karibu na sikio lake.

Binti Usambara

Hili la Rusumo nisingeliwaza kamwe. Asanteni.

Binti Usambara

Wapendwa, nimerudi kwenye uzi. Nimefika.

Keria nilichongesha ya chuma, nikaifunga kwa klipu nne. Mabegi alinishonea fundi wa Tabata, nilimsomea maneno ya mzee Fundi Turubai neno kwa neno, chini hakuna mshono. Alinitoza shilingi 50,000 na turubai juu yake. Begi nililirudisha nyuma vidole vitatu, kisigino hakigusi.

Nililala Bagamoyo, Msata, Mkata, Korogwe, Mombo. Kati ya Mkata na Segera klipu moja ililegea. Niligundua asubuhi kwa kuzipitishia mkono kama kaka alivyosema, kabla ya chai. Mvua ilinikuta Korogwe saa nzima, sukari ilibaki kavu. Kutoka Mombo nilitembea kwa miguu sehemu tatu, sioni aibu kusema. Gurudumu la mbele halikunyanyuka, maji nilikuwa nimeyafunga mbele.

Mama alitoka nje akashika begi, akaliangalia ndani na nje, akaniuliza hili turubai la nani. Sasa anataka la kubebea mboga sokoni, Jumapili. Kwenye keria ya baiskeli ya mjomba, Phoenix, ambayo chuma chake cha juu ni kinene kuliko cha kwangu. Kulabu zangu haziingii. Mzee Fundi, nipanue kulabu au nimshonee la kulalia juu ya keria, pande mbili kwa pamoja?

Fundi Turubai

Hongera mwanangu. La kulalia juu. Shona pande mbili kwa kipande kimoja kipite juu ya keria, lisihitaji kulabu, na chini lifungwe kwa mpira wa tyubu. Mama atalitoa na kulibeba begani. Pima upana wa keria ya mjomba uniandikie hapa.

Binti Usambara

Sentimita 16, mzee. Nimepima mara mbili.